Nilimwona kwa Macho Yangu: Je, Nuru ya Zamani Inatosha Kumhukumu Mtu?



Kuna maneno manne ambayo yanafunga mazungumzo: "Nilimwona kwa macho yangu." Mtu akishayasema, wengine wananyamaza. Nani atashindana na macho ya mwenzake? Sisi tuliokimbia kutoka Kongo tunayatumia sana maneno haya, kwa sababu tumeona mengi. Unashuka kwenye basi hapa Batsinda, unakutana uso kwa uso na mtu wa kilima chenu cha zamani, Masisi au Rutshuru, na moyo unaruka. Mwaka ule ulimwona pamoja na wale waliochoma nyumba. Au ulimwona amesimama kimya wakati ng'ombe za jirani zinapelekwa. Jioni unawaambia watu wa nyumbani: yule namjua, nilimwona kwa macho yangu.

Swali letu la leo ni hili: je, aliyeona kwa macho yake amemjua mtu? Na kama amejua, amejua nini?

Hili si swali la kuchezea. Kwa ajili yake ndoa zimevunjika kabla ya kufungwa. Kwa ajili yake watu wanahama benchi wakiwa ndani ya ibada, na vijana waliozaliwa kambini wanakataliwa kwa sababu ya jina la baba. Ninaomba tulitazame kwa njia ambayo hatujaizoea. Tuanze na nuru yenyewe: inaingiaje katika jicho, na inasafiri namna gani? Kisha turudi kwa jirani yetu.

JICHO HALINA TAA

Zamani watu wengi wenye elimu waliamini kwamba jicho linatoa miale yake lenyewe, mfano wa tochi, na kwamba miale hiyo inakwenda kugusa vitu ndipo tunaviona. Mgiriki Euclid, yule wa hesabu za pembe na mistari, aliandika juu ya kuona kwa kufuata wazo hilo. Ni wazo linalopendeza, kwa maana linamfanya anayetazama kuwa bwana wa kila kitu. Mimi ndiye ninayetoa mwanga. Wewe unaangaziwa tu.

Mtu aliyelipindua wazo hilo kwa nguvu kuliko wengine ni Ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra, katika nchi ya Iraki ya leo, karibu na mwaka 965, akafariki Cairo karibu na mwaka 1040. Masimulizi yanasema kwamba mtawala wa Misri, al-Hakim, alimwita aje kuyatawala mafuriko ya mto Nile, yale maji ambayo sehemu yake inatoka huku kwetu kwa njia ya Nyabarongo na Akagera. Alipopanda mto hadi Aswan akaona kazi ile haiwezekani. Lakini huko Cairo aliandika kitabu kikubwa cha juzuu saba juu ya kuona. Hoja yake mojawapo kila mtoto anaweza kuipima: ukilitazama jua, jicho linauma. Kama jicho ndilo linalotoa, kwa nini liumie? Linaumia kwa sababu kuna kitu kinachoingia.

Alifanya pia jaribio katika chumba chenye giza. Aliweka taa kadhaa nje, mahali mbalimbali, mbele ya tundu dogo. Ndani, ukutani, yalionekana madoa ya mwanga, kila taa na doa lake. Taa moja ikifunikwa, doa lake peke yake linapotea. Ikifunuliwa, linarudi pale pale. Hivyo akaonyesha kwamba nuru inakwenda kwa mstari ulionyoka, na kwamba nuru nyingi zinaweza kupita katika tundu moja bila kuchanganyana.

Jaribio hilo tunalo katika nyumba zetu. Mwenye mabati ya zamani yenye tundu la msumari aangalie sakafu jua likiwa utosini. Tundu linaweza kuwa na pembe tatu au kuwa limechanika vibaya, lakini doa lililo sakafuni ni duara. Kwa nini? Kwa sababu lile doa si picha ya tundu. Ni picha ya jua. Kama tundu liko mita 3 juu yako, duara lile lina upana wa karibu sentimita 3. Siku ya tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa na mwezi ukalifunika kama pete kule Rujewa, mkoa wa Mbeya, hapa Kigali lilifunikwa sehemu tu, ila sehemu kubwa. Mahali ambapo jua lilipita katika matundu ya mabati au katikati ya majani ya miti, madoa ya chini hayakuwa duara tena. Yalikuwa hilali, kama mwezi mwandamo. Jua lililiwa juu, na picha yake ikaliwa sakafuni.

Tuchukue somo la kwanza. Kuona ni kupokea. Nuru inatoka kwenye jua au kwenye taa, inampiga mtu, inaruka kutoka mwilini mwake, inaingia machoni mwangu. Kwa hiyo anayesema "nilimwona" hasemi neno dogo. Anasema kuna kitu kilichotoka kule alikokuwa yule mtu kikanifikia mimi, nami sikukitengeneza. Huo ni ushahidi. Wale wanaotuambia "mlifikiri tu, hamkuona" wanakosea.

NURU NAYO INATEMBEA

Lakini kufika kunahitaji safari, na safari inahitaji muda.

Katika majira ya mvua, radi inapopiga upande wa mlima Jali, tunaona umeme kwanza, halafu tunasikia ngurumo. Vyote viwili vimezaliwa pamoja. Sauti inakwenda karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukihesabu sekunde tatu kati ya umeme na ngurumo, radi imepiga umbali wa karibu kilometa moja. Kwa miaka mingi watu walidhani kwamba sauti peke yake ndiyo inayochelewa, na kwamba nuru inafika papo hapo, bila safari yoyote.

Aliyeonyesha kwamba nuru nayo inachelewa ni kijana mmoja wa Denmark, Ole Rømer, aliyekuwa akifanya kazi Paris. Sayari ya Mshtarii ina miezi inayoizunguka, na mmoja wao, Io, unaingia katika kivuli cha Mshtarii kwa saa zinazoweza kuhesabiwa, kama saa ya ukutani. Rømer aliona kwamba dunia yetu ikiwa mbali na Mshtarii, saa ile inaonekana kuchelewa. Dunia ikikaribia, inawahi. Mwaka 1676 alitangaza kwamba tukio moja la mwezi wa Novemba lingeonekana dakika kumi nyuma ya wakati uliohesabiwa, na ndivyo ilivyokuwa. Io haikuwa na kosa lolote. Habari zake zilikuwa na njia ndefu zaidi ya kutembea.

Leo tunaujua mwendo huo kwa ukamilifu: kilometa 299,792 na mita 458 kwa sekunde moja. Tangu mwaka 1983 hata mita yenyewe inapimwa kwa nuru. Kwa mwendo huo nuru ingeweza kuizunguka dunia mara saba na nusu kabla hujamaliza kusema "Batsinda". Kutoka mwezini inatumia sekunde moja na robo hivi. Kutoka kwenye jua inatumia dakika 8 na sekunde 20. Hii ina maana kwamba jua tunaloliona ni jua la dakika nane zilizopita. Lau jua lingezimika sasa hivi, tungeendelea kuanika nguo kwa dakika nane bila kujua kitu.

Sisi hatuna haja ya kufundishwa sana jambo hili. Miaka ile ya tisini, wengi wetu tulipokea ujumbe wa Msalaba Mwekundu: karatasi ndogo, maneno machache ya habari za jamaa, yaliyopita mikono mingi na mipaka mingi. "Sisi wazima, baba anawasalimu." Unaisoma kwa furaha, unaibusu. Baadaye unajifunza kwamba siku ulipoisoma baba alikuwa amekwisha kuzikwa. Je, karatasi ilidanganya? Hapana. Ilisema kweli, lakini ilisema kweli ya siku ile ilipoandikwa.

KILA TUNACHOKIONA KIMEKWISHA KUPITA

Usiku umeme ukikatika mtaani, au kashi pawa ikiisha, toka nje utazame juu. Nyota ya Sirius, ile inayong'aa kuliko nyota zote za usiku, iko mbali kiasi kwamba nuru yake inatembea miaka 8 na miezi kadhaa mpaka ikufikie. Vega, inayoonekana upande wa kaskazini, nuru yake inatembea miaka 25. Mtoto aliyezaliwa Kiziba au Gihembe usiku ule nuru hiyo ilipoondoka kule, leo ni mtu mzima, pengine naye ana mtoto.

Na kuna Kilimia, lile kundi la nyota ndogo zilizosongamana, ambalo wakulima wa Afrika Mashariki wamelifuata tangu zamani ili kujua majira ya kulima. Ndiyo maana likaitwa hivyo. Nuru ya Kilimia tunayoiona leo iliondoka huko miaka 440 hivi iliyopita, miaka michache kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa mwaka 1593. Angalia jambo hili: nuru ni kuukuu kiasi hicho, lakini mkulima aliyepanda kwa kuifuata hakupotea. Nuru ya zamani si nuru ya uongo, na bado ina kazi ya kufanya.

Watu wengine wanapenda kusema kwamba nyota nyingi tunazoziona zimekwisha kufa. Si kweli. Nyota tunazoziona kwa macho matupu karibu zote bado zipo, kwa sababu maisha ya nyota yanahesabiwa kwa mamilioni na mabilioni ya miaka, na kwao miaka 400 ni kama kupepesa jicho. Lakini mara moja moja inatokea. Mwezi wa Februari 1987 watu wa nusu ya kusini ya dunia waliona nyota moja ikilipuka, mahali ambapo darubini zilikuwa zimeonyesha nyota iliyotulia. Umbali wake ni karibu miaka 168,000 ya mwendo wa nuru. Maana yake, ilikuwa imelipuka miaka 168,000 kabla ya usiku ule. Muda wote huo, kila aliyeielekezea darubini alipokea habari za nyota iliyo salama, wakati nyota yenyewe haipo tena.

Tuchukue somo la pili. Jicho halioni "sasa" ya kitu kilicho mbali. Linaona siku ile nuru ilipoondoka kwake.

MAKOSA MAWILI

Sasa turudi kwa yule mtu uliyekutana naye kwenye basi.

Tuseme ulimwona mara ya mwisho mwaka 1996. Picha uliyo nayo ni nuru iliyoondoka kwake mwaka ule, ikaingia machoni mwako, nawe ukaitunza. Hapo kuna makosa mawili yanayotungojea, moja kila upande wa njia.

Kosa la kwanza ni kusema: hayo ni ya zamani, yametupwa, usiyataje tena. Mara nyingi wanaosema hivyo ni wale ambao hawakuchomewa kitu. Nuru haiozi kwa sababu imetembea sana. Tendo la mwaka 1996 lilitendeka mwaka 1996, na hakuna umbali unaoweza kulifanya lisiwe limetendeka. Nchi hii inayotupokea inalijua jambo hilo. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa rasmi mwezi wa Juni 2012, zilipitia kesi karibu milioni mbili, na zilisimama juu ya watu wa kawaida waliokaa kwenye nyasi wakasema waliyoyaona miaka mingi nyuma. Kama nuru ya zamani haina thamani, kazi yote ile ilikuwa bure. Anayemwambia mjane anyamaze kwa sababu ni zamani, anamwomba atupe kitu pekee alichobaki nacho cha mume wake, yaani ukweli.

Kosa la pili ni kusema: nilimwona, kwa hiyo namjua. Hapa tunachukua nuru ya tarehe moja na kuifanya kuwa mtu mzima wa siku zote. Tunasema "yule ni mwuaji", "yule ni mwizi", "yule ni mwoga", wakati tulichokipokea ni kwamba siku fulani, mahali fulani, alitenda jambo fulani. Neno "ni" linazungumzia leo. Habari tuliyo nayo ni ya jana.

Mtu ataniuliza: basi unasema amebadilika? Sisemi hivyo. Kuchelewa kwa nuru hakuthibitishi kwamba nyota imebadilika. Kunathibitisha kitu kimoja tu: kwamba wewe uliye mbali hujui. Pengine yule mtu ni yule yule, hata amezidi. Pengine alilia usiku mwingi na akageuka. Tofauti kati ya mtu na nyota ni hii, kwamba miaka 25 kwa nyota si kitu, lakini kwa binadamu ni sehemu kubwa ya uhai wake. Katika muda huo mtu anaweza kuzika wazazi, kuzaa, kufungwa, kuugua, kuwa mkimbizi yeye mwenyewe. Ni ajabu tukimpa mtu utulivu ambao hata nyota ya mwaka 1987 haikuwa nao.

Basi wajibu wetu ni upi? Naona ni mdogo kuliko wengi wanavyoogopa. Hakuna anayekuambia umkumbatie. Hakuna mwenye haki ya kumshurutisha mtu aliyeumizwa amkaribie aliyemwumiza. Wajibu ni huu tu: sema na tarehe. "Mwaka 1996, mahali pale, nilimwona akifanya hivi." Huo ni ushahidi, usimame nao mbele ya yeyote, hata mbele ya hakimu. Lakini usiendelee mpaka "na hivyo ndivyo alivyo", maana hapo unashuhudia kitu ambacho macho yako hayajapokea. Anayeongeza hivyo anarudi kwa wale waliofikiri jicho linatoa miale: anaacha kupokea, anaanza kumpaka mwenzake rangi yake mwenyewe.

MTOTO HAKUWAKO

Kuna jambo moja ambalo hapa halina mjadala hata kidogo.

Kijana analeta mchumba nyumbani. Wazee wanauliza: wa nani? Wa kilima gani? Jina la babu yake? Likitajwa jina, mama mmoja anainuka na kuondoka, na mambo yameisha. Binti alizaliwa mwaka 2001. Nuru ya mwaka 1996 haikuondoka kwake, kwa sababu hakukuwa na yeye wa kuitoa. Unaweza kuikusanya nuru yote ya mwaka ule, ya kila jioni na kila moto, hutamkuta ndani yake. Atakayesema amemwona baba ndani ya mtoto, hakuona. Amekumbuka, kisha akaita kumbukumbu yake kuona.

Ninajua maumivu ya yule mama ni ya kweli. Sura inaweza kufanana, sauti inaweza kufanana, na mwili unaotetemeka haungojei hoja. Mpeni muda, msimcheke. Lakini wazee wanaobaki chumbani, ambao hawatetemeki, hao wana kazi. Wao ndio wanaotakiwa kusema: huyu binti tutamtazama kwa nuru yake mwenyewe.

TUNAVYOTAZAMWA SISI

Nasi tusisahau kwamba tunatazamwa pia. Kuna watu ambao wakisikia neno "mkimbizi wa Kongo" wanaona picha moja: mahema, foleni ya maharage, mtu asiye na kitu anayengojea kupewa. Ni nuru iliyoondoka zamani. Gihembe yenyewe, iliyofunguliwa mwaka 1997, ilifungwa mwaka 2021 na watu wake wakapelekwa Mahama. Wapo kati yetu waliosoma vyuo, wanaoshona, wanaouza, wanaolipa kodi ya nyumba kila mwezi. Mwenye nyumba anayetukatalia chumba kabla hatujafungua mdomo anasoma karatasi ya miaka mingi.

Hata jirani zetu wenyeji hapa Batsinda wanaijua hali hii. Katika miaka ya 2007 na 2008 familia kutoka Kiyovu ya maskini, katikati ya jiji, zilihamishwa zikaletwa kwenye nyumba zilizojengwa huku. Miaka imepita, watoto wao wamezaliwa huku, lakini wako watu ambao wakiwaona bado wanaona kibanda cha Kiyovu. Kama sisi tunachukizwa kutazamwa kwa nuru ya zamani, na wao wanachukizwa, basi tunalo jambo moja la kuanzia mazungumzo.

NURU MPYA INAPATIKANAJE?

Dawa ya nuru iliyochelewa ni moja tu: kupunguza umbali. Mtu aliye mita 3 mbele yako, mnakunywa chai, nuru yake inakufikia katika sehemu moja ya milioni mia ya sekunde. Karibu hakuna kuchelewa. Ukitaka kumjua mtu wa leo, hapo ndipo mahali: kwenye kazi za umuganda, kwenye msiba, kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Si lazima awe yule aliyekuumiza wewe. Anza na yule ambaye umemsikia tu.

Lakini hata karibu, tuwe na akili. Sokoni Kimironko au soko lolote, muuza nyanya akikaa chini ya mwavuli mwekundu, nyanya zote zinaonekana zimeiva. Nuru inayopita katika mwavuli imekwisha kuchujwa, nyekundu ndiyo imebaki nyingi. Mnunuzi mwenye uzoefu anaichukua nyanya, anaitoa juani, anaigeuza. Mtu naye tumtazame hivyo. Usimpime kwa siku moja ya sherehe, wala kwa maneno aliyoyasema mbele ya viongozi. Mtazame akiwa na njaa, akiwa na deni, akiwa na mtu mdogo kuliko yeye. Mwavuli hauponyi nyanya iliyooza, na tusimwite mtu mwema kwa sababu ya mwanga mzuri. Lakini pia iko nyanya nzima ambayo tuliiona mara moja tu, jioni, chini ya mwavuli mbaya sana wa vita, tukaitupa.

Ndugu zangu, tutaendelea kusema "nilimwona kwa macho yangu". Ni haki yetu, na pengine ndiyo mali tuliyoweza kuvuka nayo mpaka bila kunyang'anywa. Tuiseme pamoja na mwaka wake, tuiache hapo inapofika, na tufungue macho kwa ajili ya nuru inayoondoka leo.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya mtaa:

1. Je, kuna mtu ambaye picha yako ya mwisho juu yake ina zaidi ya miaka kumi? Unasema juu yake "alifanya" au "ni"?

2. Tunawezaje kulinda haki ya aliyeumizwa kusema aliyoyaona, bila kuwafunga watoto wa aliyemwumiza?

3. Katika mtaa wetu, ni wapi watu wa vilima mbalimbali wanakaa karibu kiasi cha kuonana? Kama hakuna mahali hapo, nani aanzishe?